Nilitaka Rejeta Inayokuja na Mfuniko Wake

Wiki iliyopita niliishia pale shemeji Walburga aliposimama nje ya wodi, akamnyooshea kidole dereva wetu na kumwambia, "Muhsini, Jumatatu nakupeleka polisi." Tangu toleo lile litoke, nimepokea ujumbe hadi simu inakaribia kuzima. Msomaji mmoja wa Mbinga anasema madereva wavivu kama Muhsini ndio wanaomaliza watu. Mama mmoja wa Namtumbo ameomba namba ya shemeji ampongeze.

Asimpongeze. Leo nalitoa nililolificha wiki zote hizi, na ukimaliza kusoma utajua wa kumtukana.

Kwa aliyechelewa kujiunga: naitwa Remmy, nakaa Mjimwema hapa Songea. Mimi na kaka yangu Otto, mume wa shemeji Walburga, tuna pikapu moja. Tuliing'oa injini yake tukapachika ya lori, tukaongeza na springi za nyuma, ili ipande vilima na mzigo wa maana. Nguvu tulipata. Tatizo rejeta, inayopoza maji ya injini, ilibaki ileile ndogo ya zamani, na gari likawa linachemsha kila likiona kilima.

Siku tuliyotoka Tunduru na magunia ya mpunga, lilichemsha kabla hatujafika Namtumbo. Otto akafungua mfuniko wa rejeta na maji ya moto yakamrukia usoni. Tangu siku hiyo amelazwa Peramiho, macho yote mawili yamefungwa bandeji.

Lawama akabebeshwa Muhsini, kijana wa Kiyao kutoka Mbesa, kwa sababu kazi ya kujaza maji kila asubuhi ilikuwa yake.

Sasa sikiliza.

Siku tatu kabla ya safari ile, Otto alinituma. "Mfuniko wa rejeta umechoka, unaachia mvuke. Kanunue mpya."

Duka la kwanza hawakuwa na saizi yetu. Duka la pili lilikuwa mbali, jua kali, na mimi nilikuwa nawahi kuangalia mpira. Nikarudi nyumbani. Nikachukua tyubu kuukuu ya baiskeli yangu, ile ambayo Otto alikuwa ameiziba kwa viraka vyake vya pembe nne mpaka akachoka, nikakata kipande cha mviringo na kukipachika ndani ya mfuniko wa zamani. Mafundi wengi hufanya hivyo. Mfuniko ukabana, mvuke ukakatika.

Jioni Otto akaniuliza, "Umenunua?"

"Nimenunua."

Hilo neno moja ndilo linaloninyima usingizi.

Mfuniko wa rejeta una springi. Maji yakichemka kupita kiasi, springi inaachia, mvuke unatokea kwenye kipaipu cha pembeni, na mtu anaona kwamba hapa pana hatari. Mpira wangu uliziba njia hiyo. Siku ile kilimani Otto alisubiri nusu saa nzima. Alishika kipaipu akakikuta kikavu. Alitafuta mvuke asiuone.

"Limepoa hili," akasema.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana alijua mfuniko ni mpya.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, hatua chache tu, namenya ndizi. Sikuwa najua sawasawa mpira ule unafanya nini, lakini roho ilinisukuma: mwambie asubiri kidogo. Nikafikiri atauliza kwa nini, na nitalazimika kueleza. Nikaona aibu. Nikauma ndizi.

Tulipofika hospitali, shemeji Walburga aliuliza swali moja tu. "Nani hujaza maji kwenye hilo gari?"

Watu wote wakamgeukia Muhsini. Nami, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo. "Nadhani asubuhi ile hayakujaa."

Nilisema nadhani. Lakini wakati huo hakuna aliyekuwa na shida na neno nadhani.

Basi, Ijumaa hiyo, siku tatu kabla ya Jumatatu ya polisi, Otto aliagiza kutoka kitandani kwamba gari litafutiwe rejeta ya maana. Alisema akiruhusiwa anataka kurudi Mjimwema ndani ya gari lake mwenyewe, watu waone kwamba vyote viwili vimepona. Nikalivuta gari hadi kwa mzee Beda, fundi rejeta anayeaminika na kila mwenye lori mjini hapa.

"Shikamoo mzee Beda."

"Marahaba. Otto anaendeleaje?"

"Anajitahidi. Kesho daktari wa macho anamfungua bandeji."

"Mungu atamsaidia. Haya, njoo uchague."

Alikuwa ametandika gunia chini, na juu yake rejeta mbili.

"Hii ni mpya, ya dukani," akasema. "Ya alminiamu, juu na chini plastiki, nyepesi. Na hii nyingine nimeitoa kwenye lori lililokatwa. Kopa tupu, yaani shaba, laini tatu za mirija ya maji. Nitaikata pembeni ikae kwenye pikapu yenu."

"Ipi inakuja na mfuniko wake?"

Mzee Beda akanitazama juu ya miwani. Nadhani katika miaka yake yote watu wamemuuliza bei, wamemuuliza itadumu muda gani, wamemuuliza kama ana uhakika haivuji. Hakuna aliyeanza na mfuniko.

"Ya dukani ina wake kwenye boksi. Hii ya kopa shingo yake, pale unapokaa mfuniko, imeoza, kwa hiyo nitahamisha shingo ya rejeta yenu ya zamani niichomee hapa. Mfuniko utakuwa uleule wenu. Otto aliniambia mlishanunua mpya. Uko wapi niujaribu?"

Uongo wangu ulikuwa umeshafika hadi kwa mafundi.

"Mzee, nachukua ya dukani," nikasema.

"Remmy, wewe una injini ya lori humu. Hii ya dukani ni ya gari la kumpeleka bibi harusi kanisani. Panda nayo kilima na magunia arobaini, uone. Plastiki ikipasuka, safari hii atakuwa amesimama nani mbele ya boneti?"

"Nachukua hiyohiyo."

"Kwa nini?"

"Si ni mpya."

"Na mfuniko wenu si mpya? Ulete basi."

"Ulirukia majanini. Ulipotea."

Chini ya gari spana ikanyamaza.

Sikuwa nimewaambia kwamba Muhsini alikuwepo. Alikuja asubuhi ile bila kuitwa, akavaa ovaroli, akaingia chini ya gari kufungua rejeta ya zamani. Mzee Beda alipomuuliza anatafuta nini kwenye gari la watu wanaotaka kumfunga, alijibu, "Gari limeharibikia mikononi mwangu, mzee. Siwezi kuliacha hivi."

Sasa akatoka chini, akajifuta mikono kwa tambara. "Kaka Remmy, nikuone kidogo."

Tukaenda nyuma ya ukuta, penye mabati chakavu. Akatoa leso mfukoni, akaifungua taratibu. Ndani ulikuwemo mfuniko wa rejeta yetu, na ndani ya mfuniko mpira wangu mweusi.

Nikashika ukuta.

"Niliuokota palepale siku ile," Muhsini akasema. "Wewe ulikuwa umemshika mzee Otto."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Tazama mwenyewe. Mtu kaziba na mpira. Na rejeta ya gari lile mimi najaza maji tu, anayefungua na kurekebisha ni mzee Otto mwenyewe. Nikajua kaweka yeye, labda alikosa mfuniko dukani. Sasa mtu kaungua uso mzima, halafu mimi nisimame mbele ya mkewe niseme mumeo kajiunguza? Wallahi siwezi."

"Lakini Jumatatu unapelekwa polisi, Muhsini."

"Najua."

Akatazama chini. Akafuta jicho kwa mkono wenye girisi, ikabaki alama shavuni.

"Mke wangu Halima amejifungua. Leo mtoto ana siku ishirini na sita, sijamwona. Nilitaka nifike Mbesa kabla ya arobaini, nimpe jina mwenyewe. Lakini mimi nilikuwa utingo, kaka. Mzee Otto ndiye aliyenikalisha kwenye usukani akasema endesha, nakuamini. Acha lawama ibaki kwangu. Mwenyezi Mungu anaona."

Akanikabidhi mfuniko pamoja na leso yake.

"Wewe ndiye ndugu yake, utajua la kufanya. Hata ukiutupa, sitakuuliza."

Msomaji, nilikuwa nao mdomoni ukweli wote. Ulikuwa maneno mawili tu: nimeweka mimi. Mtu amesimama mbele yangu, yuko tayari kufungwa kwa ajili ya kosa analodhani ni la kaka yangu, na kosa lenyewe ni langu.

Nikasema, "Asante."

Alipoondoka nilijaribu kuung'oa mpira kwa kucha. Haukutoka. Joto la siku ile lilikuwa limeupika ukashikana na bati, na mimi nikavunja ukucha wa kidole gumba. Nikautia mfuniko mfukoni nikarudi kwa mzee Beda kumwambia afunge rejeta ya dukani haraka.

"Mimi sifungi," akasema.

"Mzee, gari ni letu."

"Ni lenu na kaka yako. Jina langu linajulikana hapa kwa kazi, siwezi kuliharibu. Otto mwenyewe akiniambia nifunge kikaratasi hiki kwenye injini ya lori, nitafunga."

Akampigia shemeji Walburga palepale. Nikamsikia anamweleza, kisha akanipa simu. Ilikuwa sauti ya shemeji.

"Mgonjwa anasema mje huku sasa hivi. Wewe na huyo Muhsini wenu. Anataka kuzungumza habari za rejeta kabla ya kesho. Mimi sitaki hata kumwona, ila kaka yako kang'ang'ania."

Ndani ya gari la abiria kwenda Peramiho nilikuwa na mpango mmoja: kuutupa mfuniko dirishani kabla hatujafika. Mkono wangu ulikuwa mfukoni tangu tunatoka mjini. Lakini aliyekaa dirishani alikuwa Muhsini. Ningemwambia nini, anipishe nitupe? Alikuwa anatazama mashamba huku midomo yake inacheza. Alikuwa ameikosa swala ya Ijumaa kwa ajili yetu.

Nilitamani gari lile la abiria lipate pancha. Halikupata.

Otto alikuwa amekaa kitandani, mito miwili mgongoni. Mashavu yalikuwa yamepakwa dawa nyeupe, bandeji imezunguka kichwa. Shemeji Walburga alikuwa pembeni anamnywesha uji. Muhsini akabaki mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Remmy. Nasikia unataka kuifungia pikapu yangu rejeta ya bibi harusi."

Alitabasamu, kadiri uso ulivyomruhusu. Mimi nikaangalia sakafu.

"Ni mpya, kaka."

"Muhsini amekuja?"

"Nipo mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe unasemaje? Rejeta ipi?"

Shemeji akaweka kikombe kwa kishindo. "Na huyu naye anaulizwa?"

"Namuuliza dereva wangu, mama Dorine," Otto akamjibu mkewe kwa upole.

"Ya kopa, mzee," Muhsini akajibu. "Laini tatu. Ile ya plastiki haifiki juu ya kilima."

"Basi ni ya kopa. Beda ahamishe shingo ya zamani. Tutafungia ule mfuniko mpya alionunua Remmy."

Muhsini akainua uso.

"Alionunua nani, mzee?" Muhsini akauliza.

"Remmy. Nilimtuma siku tatu kabla ya safari. Kwani hukuambiwa?"

Muhsini aligeuza kichwa polepole. Akanitazama usoni, halafu akatazama mfuko wa suruali yangu, halafu usoni tena. Hakunitazama kwa hasira, na ningeshukuru sana kama angekasirika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemkuta anaiba msibani.

Alikuwa ananisubiri mimi.

"Huo mfuniko wenyewe uko wapi?" shemeji akauliza.

Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, na nilijua kabisa ni ya mwisho. Nilimwona Muhsini anaitikia kwa kichwa kidogo sana, kama ananiambia sema tu, sema yaishe.

"Ulipotea," nikasema.

Muhsini akafumba macho. Alipoyafumbua, alizungumza akimtazama Otto, si mimi.

"Haukupotea, mzee. Niliuokota. Uko mfukoni kwa kaka Remmy."

"Mpe mgonjwa," shemeji akaniambia.

Nikautoa. Leso ikaanguka chini. Otto akanyoosha kiganja, nikauweka mfuniko pale.

Akaupapasa juu. Akaugeuza. Kidole kikaingia ndani, kikasimama.

"Kuna mpira humu."

"Mpira gani?" shemeji akauliza. Akainama kutazama, kisha akanyanyuka na kumgeukia Muhsini. "Kumbe. Kumbe si maji peke yake. Uliziba na mfuniko, Muhsini. Uliuokota ukauficha siku zote hizi, leo umeona mambo magumu unamtupia Remmy mfukoni."

"Mama Dorine, mimi..."

"Nyamaza. Na mimi ndiye mjinga niliyekupa mpaka Jumatatu. Sisubiri Jumatatu tena."

Akachukua simu juu ya kabati, akaanza kutafuta namba. Alikuwa na namba ya askari, binamu yake wa Songea mjini, na kidole chake kilikuwa kinateleza kwenye kioo kwa sababu ya machozi. Muhsini alinitazama mara moja tu. Sikuona kwamba ananiomba kitu. Niliona kwamba ameacha kunitegemea.

Sikusema. Naandika haya na mkono unaniuma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimsikiliza shemeji anavyovuta kamasi na kubonyeza simu, na sikusema.

"Subiri kwanza," Otto akasema.

Kidole chake kilikuwa bado ndani ya mfuniko, kinatembea polepole ukingoni mwa mpira. Kikaenda, kikarudi. Kikasimama mahali pamoja na kuanza kupapasa mbele na nyuma.

"Hii ni tyubu ya baiskeli," akasema. "Na hapa pana kiraka."

Simu ikaanza kuita mkononi mwa shemeji.

"Kiraka chenye kona," Otto akaendelea, sauti imeshuka. "Watu hukata viraka vya mviringo. Mimi hukata vya pembe nne, tangu utoto, baba alikuwa ananicheka."

"Haloo?" sauti ya mwanamume ikasikika kwenye simu. "Haloo, dada Walburga?"

"Kata simu, mama Dorine."

Shemeji hakuelewa, lakini alikata. Otto akafunga kiganja chake juu ya mfuniko, akaubana mpaka mifupa ya mkono ikajitokeza. Kisha akageuza uso wake wenye bandeji, akaupeleka upande ambao sauti yangu ilikuwa imetokea mara ya mwisho.

"Remmy," akaita. "Bado upo?"

Mlango ulikuwa nyuma yangu, wazi. Ningegeuka kimyakimya, kaka yangu asingeona. Muhsini alikuwa bado amesimama pale mlangoni. Akanitazama, akasogea pembeni, akaniachia njia.